Milima Iliyojengwa kwa Mikono

Basi la kutoka Palma huwashusha wageni wengi Valldemossa, na karibu wote huelekea upande mmoja: kwenye monasteri ya zamani ambako mtunzi wa muziki Frédéric Chopin na mwandishi George Sand walipanga vyumba majira ya baridi ya 1838 kuingia 1839. Chopin alikuwa mgonjwa wa kifua, mvua haikumpa nafasi, na piano yake ilikwama forodhani. Hata hivyo alikamilishia humo prelude zake. Ni kisa kizuri, na kijiji kinaishi kwacho. Mimi nilishika kichochoro cha nyuma ya nyumba, palipo na kibao cha mbao cha njia ya GR 221, nikaanza kupanda.

Mallorca ni kisiwa cha Hispania, na milima ya Serra de Tramuntana imekikinga upande wote wa kaskazini-magharibi. Njia hii, yenye takriban kilomita 140 kutoka Port d'Andratx hadi Pollença, huitwa Ruta de Pedra en Sec, njia ya mawe makavu, kwa kuwa kuta zake zimepangwa bila udongo wala saruji. Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza Tramuntana kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Vilele vyake vinapita mita 1,000, lakini sivyo vilivyoipatia heshima hiyo. Iliingizwa kama mandhari ya utamaduni, yaani milima iliyotengenezwa na wakulima. Nililisoma hilo kabla ya safari. Miguu ndiyo iliyonifanya nilielewe.

Saa ya kwanza ni msitu wa mialoni, kivuli kizito na hewa ya baridi. Kila baada ya mwendo kidogo ardhi inasawazika ghafla na kuwa duara, limezungushiwa mawe yaliyoota kuvu za kijani. Hapo palikuwa tanuri la mkaa. Wachoma mkaa walihamia msituni na familia zao, wakajenga kibanda cha mawe kando ya tanuri na kulilinda usiku na mchana, maana moto ukipata upenyo kazi yote inageuka majivu. Aliyewahi kupita Handeni au Kitui anaijua shughuli hiyo bila kuelezwa. Hapa ilikoma katikati ya karne ya 20, gesi ya mitungi ilipoingia majikoni. Msitu umerudi, lakini maduara yamebaki, na kila nililolipita lilikuwa uwanja wa nyumba ya watu.

Juu ya msitu, njia inatoka kwenye ukingo wa mlima na bahari inafunguka chini yake. Sehemu hii ilitengenezwa kwa amri ya Ludwig Salvator, mwanamfalme wa Austria, aliyenunua shamba la Miramar mwaka 1872 na kuendelea kununua mengine kando ya pwani. Alipenda miti kuliko faida, akazuia isikatwe, akajenga vijia na vibaraza vya kutazamia bahari, na kuandika kazi kubwa ya majuzuu kadhaa kuhusu visiwa hivi. Miramar yenyewe ina historia ndefu zaidi yake. Mwaka 1276 Ramon Llull alianzisha hapo chuo cha watawa 13 ili wasome Kiarabu. Ni miaka 47 tu ilikuwa imepita tangu mfalme Jaume wa Aragón akiteke kisiwa kutoka kwa Waislamu, ambao walikuwa wamekitawala kwa zaidi ya karne tatu na kukiachia ufundi wa kuelekeza maji ambao wakulima waliurithi.

Deià niliipita haraka. Robert Graves, mshairi wa Kiingereza, alihamia huko 1929 na amezikwa kwenye makaburi ya kanisa lililo juu kabisa ya kijiji. Tangu hapo Deià imekuwa kijiji cha wasanii, kisha cha matajiri. Ni pazuri mno, na bei zake zinalijua hilo.

Kutoka Deià kwenda Sóller ndipo mizeituni inapotawala. Mlima wote umekatwa ngazi, ukuta juu ya ukuta, na kila ngazi ina udongo wa upana wa hatua chache na miti miwili mitatu. Mizeituni hii ni mizee. Shina limejisokota, limepasuka katikati hadi mtu anaweza kupitisha mkono, mahali pengine limegawanyika kuwa miguu miwili inayosimama mbalimbali. Ukiangalia juu, matawi yamejaa majani ya fedha na matunda. Mingi ilipandikizwa juu ya mizeituni mwitu, ambayo mizizi yake hustahimili mwamba na ukame. Kwa muda mrefu mafuta yake ndiyo yaliyokuwa bidhaa kuu ya kisiwa kuuzwa ng'ambo. Matunda yaliokotwa na wanawake, wengi wao vibarua waliopanda kutoka vijiji vya bondeni na kulala mashambani msimu mzima. Yalisagwa kwa jiwe lililozungushwa na baghala, rojo ikapakwa kwenye mikeka ya duara iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, kisha boriti nzito ikaikandamiza mpaka mafuta yakachuruzika. Katika nyumba kubwa za mashamba, baadhi ya vinu hivyo bado vimesimama.

Ni kwenye mteremko huo nilipowakuta mafundi wanaokarabati ukuta uliobomoka. Huitwa marger, na kazi yao ina sheria zake. Mawe makubwa kabisa hukaa chini, juu ya mwamba au udongo uliochimbwa hadi ukawa mgumu. Uso wa ukuta haujengwi wima. Hulala kidogo kuelekea mlimani, ili uzito wa udongo uukaze badala ya kuusukuma nje. Nyuma ya uso huo hujazwa kifusi cha mawe madogo, na hapo ndipo ilipo siri yote: maji ya mvua hupenya kwenye kifusi na kutoka taratibu, na ukuta haubebi shinikizo. Ukiweka saruji, maji hukosa njia na ukuta hupasuka. Fundi mmoja alishika jiwe, akaligeuza, akalipima kwa macho kwenye nafasi, akaligeuza tena, akalichonga kona kwa mapigo mawili ya nyundo na kuliketisha. Kisha akaligonga kwa kiganja. Halikucheza. Akainama kuchukua jingine.

Ufundi huo ulikaribia kutoweka kizazi kimoja kilichopita, vijana walipoteremka kwenda kufanya kazi kwenye mahoteli ya pwani. Serikali ya kisiwa ikaanza kufundisha wengine, na leo vikosi vyake hutengeneza njia na kuta. Mwaka 2018 UNESCO iliutambua ujenzi wa mawe makavu kuwa urithi usioshikika wa nchi nane, Hispania ikiwamo. Nafurahi kwa heshima hiyo, lakini kilichonigusa zaidi ni kuwa wale mafundi wanalipwa mshahara. Ukuta mmoja ukianguka, udongo wake huuangukia wa chini yake, na huo nao huenda. Ngazi mia moja hutegemeana.

Sóller imezungukwa na michungwa. Milima iliitenga na Palma hata wafanyabiashara wake wakauza machungwa Ufaransa kwa merikebu kabla hawajapata njia rahisi ya kufika mji mkuu wa kisiwa chao wenyewe. Mwaka 1912 walipata reli, iliyotobolewa chini ya mlima kwa handaki la karibu kilomita 3, na mabehewa yake ya mbao yanafanya kazi hadi leo. Nililala hapo. Miguu ilidai.

Baada ya kijiji kidogo cha Biniaraix njia inaingia kwenye korongo na kuwa ngazi za mawe, kona baada ya kona, baina ya kuta zinazoning'inia juu ya kijito. Huu ulikuwa mwendo wa mahujaji kwenda monasteri ya Lluc. Kila jiwe limesimamishwa kwa ubavu ili kwato na viatu visiteleze, na mifereji midogo imekatwa kuvuka njia ili mvua isiichimbe. Mizeituni ipo hata hapa, kwenye vipande vya udongo visivyotosha kitanda. Mingine haivunwi tena. Kuifikia ni gharama kuliko mafuta yake.

Jambo lisemwe wazi: sehemu kubwa ya milima hii ni mali ya watu binafsi. Mpita njia hufungua na kufunga mageti, na mahali pengine hukuta geti lenye kufuli ambalo limekuwa na mgogoro wa miaka mingi kati ya wenye ardhi na wanaodai njia ni ya umma. Naegemea upande wa njia. Zilitengenezwa na kutunzwa kwa miguu ya waliozitumia, na wengi wao hawakuwa na shamba.

Juu ya bwawa la Cúber, ambalo huipatia Palma maji, mimea inakwisha na mlima unakuwa mwamba mtupu. Karibu na kilele cha Massanella, cha pili kwa urefu, nilifika kwenye mashimo makubwa yaliyojengewa kuta. Ni nyumba za theluji. Wakati wa baridi wanaume walipanda na majembe, wakaisukuma theluji ndani, wakaikanyaga kwa miguu hadi ikawa barafu, na kutenganisha tabaka kwa majani makavu. Kiangazi kilipofika walikata vipande na kuviteremsha kwa baghala usiku, ili jua lisivikute njiani. Mjini barafu hiyo ilituliza homa na kuzuia damu, na wenye pesa walipata vinywaji vya baridi. Biashara iliendelea hadi miaka ya 1920, mitambo ya kutengeneza barafu ilipoiua. Nilisimama ukingoni mwa shimo moja nikijaribu kufikiria vidole vya miguu vya wale watu.

Lluc ni monasteri na mahali pa hija tangu karne ya 13, penye sanamu ya Bikira Maria mweusi na kwaya ya watoto. Kutoka hapo njia inashuka bila haraka hadi Pollença, ambako ngazi 365 hupanda kwenye kikanisa cha Kalvari kati ya miti mirefu ya misipresi. Ilikuwa Jumapili, siku ya soko. Uwanjani mama mmoja aliuza zeituni za kijani zilizopasuliwa kwa kugongwa na kulowekwa kwenye maji ya chumvi yenye shamari na pilipili. Alinionjesha moja: chungu mwanzoni, kisha nzito na tamu. Nikanunua kopo, nikatafuta mkate, na nilikuwa nimekula nusu yake basi la Palma lilipofika.