Kioo Nacho Hutaka Maji

Tulitoka Same kwa basi kupitia Kisiwani, milima ya Upare kuume kwetu, nyika ya Mkomazi kushoto. Gonja Maore tuliwakuta akina mama wenzetu wakihesabu fedha za kikundi. Walitaka kutengeneza madirisha ya vioo vya rangi, na iliwapasa kununua mashine yao ya kwanza ya kusaga kingo za vioo.

Mmoja alipendekeza jiwe kavu la fundi vyuma, kwa kuwa ni rahisi. Tukamwuliza, "Mama, kisu unakinoaje?" Akacheka: "Kwa maji!"

Kioo nacho ni hivyo. Chagueni mashine yenye kichwa cha chembe za almasi, chombo cha maji, na sifongo ya kukilowesha kichwa wakati wote. Maji hupoza kioo kisipasuke, na hulaza vumbi linalodhuru mapafu. Iwe na kinga ya macho, na vichwa vya akiba vipatikane. Tope lake lisimwagwe wachezapo watoto.

Fedha hazikutosha. Wakakubaliana kungoja mavuno ya mpunga. Tukaona wamefanya vema: jicho halinunuliwi dukani.