Maji Yaliingia Wapi?

Kwa mtu akaaye Nyanchwa, kazi ya kutengeneza mota ya mashua ni jambo la kumchekesha jirani. Hapa petu ni mlimani. Tukisimama nje tunauona mji wa Kisii chini yetu, mabati yake yakimeta baada ya mvua ya alasiri, na kando yetu ni migomba na mikaratusi. Maji tunayoyajua ni ya mvua, ya chemchemi, na ya vijito vikimbiavyo mabondeni. Hapana apandaye mashua Nyanchwa. Lakini maji yetu hayabaki kwetu. Mto Gucha, ambao watu wa chini huuita Kuja, hutoka katika milima ya Wagusii ukaenda kumwagika katika Ziwa Viktoria, na kama maji yashukavyo ndivyo washukavyo na baadhi ya binti zetu kwenda kuolewa. Dada yangu aliolewa upande wa Homa Bay, na mumewe ni mvuvi. Kwa njia hiyo, msomaji, mota ya mashua ilinifikia mimi, mwalimu wa fizikia, imefungwa ndani ya gunia katika matatu iliyopitia Rongo.

Yafaa nikueleze kwanza ilivyokuwa, maana wengi wakisikia habari ya mota ya mashua hufikiria ile mashine ya petroli ingurumayo nyuma ya chombo. Hii hainguruma. Ni bomba jembamba, refu kama mtoto wa miaka saba. Juu lina mkono wa kushika na kuelekeza, na chini, pahali pazamapo majini, lina mwili wa mviringo mfano wa chupa ya chai iliyolazwa. Ndani ya mwili huo ndimo imo mota, na mkiani pana rafadha, yaani lile pangaboi lisukumalo maji. Nguvu yake hutoka katika betri ya volti 12 kama ya motokaa. Ikienda kwa kasi yake yote hunywa ampea 30 hivi. Basi betri yenye akiba ya ampea-saa 100, ambayo mwenye busara haitumii kupita nusu, huiendesha kwa muda wa saa moja na dakika 40 tu. Si chombo cha kuvukia ziwa. Humfaa mtu atokaye alfajiri kuangalia nyavu zake karibu na nchi kavu, akarudi, akaiweka betri yake kwenye umeme wa jua. Shemeji yangu aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, kwa sababu bei ya petroli ilikuwa ikiwala samaki wake kabla yeye mwenyewe hajawala.

Wala usidhani kwamba uvumbuzi huu ni wa jana. Mwaka wa 1838 Moritz von Jacobi aliendesha mashua kwa umeme katika mto Neva, huko St. Petersburg, na mwaka wa 1881 Mfaransa mmoja, Gustave Trouvé, alipita juu ya mto Seine mjini Paris kwa mota ndogo aliyoifunga kwenye usukani, ambayo aliweza kuifungua akaondoka nayo. Katika miaka ya karibuni mota za umeme kubwa kuliko hii yetu zimeonekana katika fuo za Kenya za Ziwa Viktoria. Gunia lililotuliwa mlangoni pangu, basi, lilikuwa na ukoo wa heshima, ingawa lilinuka samaki.

Ndani ya gunia mlikuwa na ujumbe mfupi wa dada yangu: mashine imekufa, na mume wangu asema wewe ndiwe uliyesomea mambo haya. Maneno ya namna hiyo humlevya mtu. Siku ile ile niliifungua.

Kwanza niliiondoa rafadha, na nyuma yake nikaiona ile pini ndogo ambayo kazi yake ni kuvunjika. Ndiyo, kuvunjika: rafadha ikigonga jiwe, pini hukatika ili mhimili mkubwa usipinde. Halafu nilikwaruza mstari juu ya mwili na vifuniko vyake ili nijue jinsi ya kuvirudisha, nikazifungua parafujo mbili ndefu zinazovishika. Ndani ya ganda zimegandishwa sumaku mbili zilizopindwa kama vigae vya chungu. Katikati yake hukaa kiini kizungukacho, kilichoviringishwa nyaya za shaba, na mwishoni mwa kiini ni pete ya shaba iliyokatwa vipande vipande kama vipande vya chungwa. Mafundi huiita komuteta. Juu yake husuguana vijiti viwili vya makaa, vilivyosukumwa na springi, nao huviita brashi. Umeme huingia kwa brashi moja, ukapita katika shaba, ukatokea kwa ya pili; na kwa kuwa vipande vya pete hupokezana kila kiini kinapozunguka, sumaku husukuma siku zote upande mmoja. Nimewafundisha watoto wa shule jambo hili kwa michoro miaka mingi. Lakini hapana mchoro ulionionya kwamba sumaku hukataa kukiachia kiini, na ukikirudisha hukimeza ghafula pamoja na kidole chako.

Nilikuta tope jeusi, nalo lilikuwa vumbi la makaa lililochanganyika na maji. Brashi moja ilikuwa imekwama ndani ya nyumba yake kwa kutu, haigusi tena komuteta. Nikafurahi, maana ugonjwa ulionekana kwa macho. Mjomba wangu ni mchongaji wa mawe huko Tabaka, ambako mawe laini ya Kisii huchongwa yakawa vinyago na bakuli, kisha husuguliwa katika maji kwa msasa mwembamba hata yakang'aa. Nilimwomba kipande cha msasa ule. (Neno hilo lenyewe ni jina la mti ambao majani yake hukwaruza, na wazee walisugulia vyombo vya mti kwa majani hayo kabla msasa wa karatasi haujafika.) Kwa msasa wa Tabaka nilisugua komuteta hata shaba ikarudia wekundu wake, na kwa kijiti cha mwanzi nikazichokoa zile nafasi nyembamba baina ya vipande, kwa maana vumbi la makaa likijaa humo umeme hupata njia ya mkato. Brashi mpya za kadiri ile sikuzipata mjini; nilinunua kubwa zaidi, nikazisugua kidogo kidogo hata zikaingia. Wakati wa kufunga, springi zilizitupa nje mara nne. Mara ya tano nilizifunga kwa uzi, nikakiingiza kiini, kisha nikauvuta uzi ukatoka.

Nilipounganisha betri, rafadha ilizunguka mezani ikapeperusha karatasi zangu. Watoto wakapiga makofi. Lile tope nilikuwa nimelipangusa kwa kitambaa, na kitambaa nikakitupa. Pamoja nacho nikalitupa na swali ambalo lingenifaa kuliko msasa wote wa Tabaka.

Mota ilirudi ziwani, na baada ya siku chache nililetewa ngege watatu wakubwa. Tuliwala, nami sikunyamaza mezani.

Yaliyofuata niliyasikia kwa dada yangu. Ilikuwa juma la tatu. Shemeji yangu alitoka kabla ya mapambazuko pamoja na mwanawe wa miaka 13. Sharti ujue, msomaji, jinsi upepo wa ziwa unavyotenda. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo hutoka nchi kavu ukaelekea ziwani. Jua likipanda hugeuka ukarudi. Mvuvi atokaye alfajiri husaidiwa na upepo kwenda, na katika kurudi hutegemea nguvu zake. Kasia walikuwa nalo moja tu. La pili lilibaki nyumbani, kwa sababu mota imetengenezwa na mwalimu. Walipofika kwenye nyavu mota ilipunguza mwendo, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Kwa kasia moja hawakuweza kuushinda upepo. Nchi kavu ikawa mstari, kisha magugu maji yakawazingira gizani. Mtoto aliteka maji ya chomboni kwa kopo, na baba yake hakuthubutu kumwambia ni umbali gani wamekwenda. Jua lilipokuwa juu, mashua ya matanga iliwaona ikawafunga kamba ikawavuta.

Mota haikuletwa tena na matatu peke yake. Shemeji alikuja nayo mwenyewe, lile lile gunia begani. Katika desturi zetu mtu na shemejiye hustahiana sana, hawatupiani maneno. Alikunywa chai, akauliza hali za watoto, akasifu migomba. Mimi nilingoja lawama nayo isije. Hata mwisho akaliweka gunia kati ya miguu yetu, akasema, "Shemeji, nami si mtu wa shule, ila nataka kujua. Maji yaliingia wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeponya brashi, nami sikuuliza kutu ya brashi ilitoka wapi, katika mwili uliofungwa ili usiingie tone. Nilikuwa nimeijaribu mota mezani, kwenye pahali pakavu kuliko pote itakapopata kukaa maishani mwake. Aliyebeba hatari ya ujinga wangu alikuwa mtoto aliyeshika kopo, na mimi usiku ule nilikuwa nimelala kilimani.

Tuliifungua pamoja. Tope lilikuwa jingi kuliko la kwanza, na safari hii hapana aliyelipangusa kwa haraka. Njia ya kutafuta mlango wa maji sikuitoa kitabuni. Njiani kwenda shuleni nimempita mara nyingi kijana azibaye mipira ya baiskeli na ya pikipiki. Yeye huujaza mpira upepo, akauzamisha katika karai la maji, akangoja povu limwonyeshe tundu. Basi tuliikausha mota, tukaifunga bila rafadha, tukaizamisha katika karai la maji ya chemchemi. Juu, pale nyaya zishukapo ndani ya bomba, niliingiza kipande cha mpira mwembamba, nikazungushia utepe, nikapuliza kwa kinywa. Kwa kinywa tu, nakusihi. Ukitumia pampu huenda ukazisukuma nje zile pete ambazo ungali unazitafutia makosa.

Mwanzo hapakuwa na kitu. Nikapuliza tena. Ndipo shemeji aliponishika mkono. Kwenye mhimili, nyuma ya pahali pa rafadha, lilitoka povu moja dogo kama punje ya mtama, likafuatwa na jingine.

Pahali pale pana pete ya mpira yenye ukingo mwembamba unaoukumbatia mhimili, nayo mafundi huiita sili. Tulipoichokoa tuliona kwamba ukingo wake umekatwa, na chini yake, umezungushwa na kubanwa kama shanga shingoni, ulikuwako uzi wa nailoni wa wavu. Shemeji aliutambua rangi. Uzi kama huo hunaswa na rafadha, mvuvi akadhani ameukata wote, kumbe ncha yake imejificha nyuma ikisaga mpira kila mzunguko.

Sili huuzwa kwa vipimo vitatu: tundu, upana na unene. Mhimili wetu ulikuwa na unene wa milimita 10, na sili ya kuufaa tuliipata mjini kwa muuza vipuri vya pikipiki. Lakini ya kale ilikuwa imekwisha kuchimba mfereji mwembamba juu ya chuma, na sili mpya ikikaa juu ya mfereji huvuja siku hiyo hiyo. Tuliisukuma ndani kidogo zaidi, ili ukingo wake ushike chuma laini, tukaupaka grisi. Uso wake tuliuelekeza nje, kwenye maji. Ukigeuzwa nyuma, maji yenyewe huufungua. Komuteta niliisafisha tena, na nyaya mbili zilizoungua nikazilehemu upya. Karibu na betri niliongeza fyuzi, ambayo kwa aibu yangu haikuwako tangu mwanzo. Volti 12 hazimwui mtu, ila spana ikiangukia ncha mbili za betri hugeuka nyekundu kama mkaa.

Kisha karai tena, na kupuliza. Hakuna povu. Shemeji akasema tungoje. Tukangoja mpaka chai ikapoa. Mwenye kuumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tulikuwa wawili tulioumwa.

Jumapili iliyofuata niliteremka naye hadi Homa Bay. Tulitoka alfajiri ile ile, upepo ule ule ukitusukuma, na mpwa wangu akakaa mbele akikagua makasia matatu aliyoyapakia mwenyewe. Mimi siijui kuogelea. Mota ililia kwa sauti ndogo kama nyuki ndani ya mzinga, na kila baada ya muda shemeji aliizima, akainua rafadha, akapitisha kidole nyuma yake kutafuta uzi. Tuliporudi ufukoni mke wake alinipa samaki, nikawaacha pale pale.

Miezi mitatu baadaye ililetwa Nyanchwa, nzima, kwa kuwa nilikuwa nimeomba iletwe. Nilizifungua parafujo mbili, nikavuta kifuniko. Ndani mlikuwa na vumbi jembamba la makaa, jeusi, kavu. Nililipuliza likaruka, likatua juu ya ukurasa wa daftari za mitihani nilizokuwa nikisahihisha. Niliifunga, nikaenda kumwambia kijana aliyeileta kwamba sasa, kama kuna ngege, nitawapokea.