Baiskeli Yangu ya Umeme



Mimi ni fundi baiskeli. Kazi hii nimeifanya chini ya mwembe mmoja, kijijini kwetu Usukumani, kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimeziba pancha, nimenyoosha rimu, nimefunga spoku nyingi zisizo na hesabu.

Leo nataka kukueleza jinsi nilivyotengeneza baiskeli inayokwenda kwa umeme. Nitakueleza nilivyofaulu. Nitakueleza pia nilivyokosea, maana kosa langu moja nusura limuue mjukuu wangu. Tafadhali usisome sehemu ya kwanza ukaacha ya pili.

KWA NINI NILIITAKA

Mwaka 2019 nilianguka nikiwa nimepakia gunia la viazi. Goti la kulia likaumia. Nilitibiwa, nikapona nusu. Kutembea naweza. Lakini siwezi kupiga pedeli kwa nguvu, na siwezi kuvusha mguu juu ya fremu ya kiume.

Mke wangu analima nyanya na mchicha. Kazi yangu ilikuwa kupeleka mazao hayo gulioni mara mbili kwa juma. Gulio liko kilomita 11 kutoka kwetu. Goti lilipoharibika tukaanza kukodi bodaboda. Ilikuwa shilingi 3,000 kwenda na shilingi 3,000 kurudi. Kwa juma ni shilingi 12,000. Nyanya ziliposhuka bei, mwenye bodaboda alipata fedha kuliko sisi tuliolima.

Basi nikajiuliza: Je, mimi fundi wa miaka yote hii nitashindwa kujitengenezea chombo?

JAMBO HILI SI GENI

Usidhani baiskeli ya umeme ni kitu cha jana. Mwaka 1895 Mmarekani mmoja, Ogden Bolton, alipewa na serikali yake hati ya kulinda uvumbuzi wa baiskeli yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma. Wakati huo betri zilikuwa nzito mno. Betri nyepesi za lithiamu, kama zile zilizomo katika simu, zilianza kuuzwa mwaka 1991. Hizo ndizo zilizoifanya baiskeli ya umeme iwe chombo cha mtu wa kawaida.

Mimi nilitaka baiskeli ndefu, ya chini, yenye matairi manene, kiti kipana na usukani mpana. Baiskeli za umbo hilo zilipendwa sana Marekani tangu miaka ya 1930. Mwendeshaji hukaa mgongo wima kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha uvivu. Kwa mgonjwa wa goti, na kwa njia zetu za mchanga, umbo hilo linafaa.

NILIVYOIJENGA

Nilianza na baiskeli ya kike ya mtumba, yenye magurudumu ya inchi 26. Watu walicheka. "Mzee mzima anapanda baiskeli ya kike!" Niliwaacha wacheke. Fremu ya kike haina bomba la juu, na mguu wangu ulikuwa unapita bila maumivu.

Kwanza nilitazama kama fremu na uma ni vya chuma. Nilitumia sumaku. Sumaku ikinasa, ni chuma. Uma wa aluminiamu usiutie mota. Unaweza kukatika ghafla bila kupinda kwanza, nawe ukaangukia uso.

Pili, nilirefusha keria ya nyuma kwa nondo na bomba ili ibebe matenga mawili. Usukani niliukunja kwa bomba la chuma, nikauleta karibu na kifua. Kazi yote ya kuchomelea niliimaliza kabla ya kuleta betri karibu. Nawe ufanye hivyo hivyo.

Tatu, nilishughulikia breki. Nilifunga raba mpya na waya mpya, mbele na nyuma. Fundi anayefunga mota kabla ya breki ni kama mtu anayefungulia ng'ombe kabla ya kujenga boma.

Nne, nilifunga mota. Niliinunua Mwanza, ya wati 250 na volti 36, ikiwa tayari ndani ya gurudumu la mbele. Hapa sikiliza vizuri. Mota inaposukuma gurudumu kwenda mbele, ekseli yake hutaka kuzunguka kurudi nyuma. Nati peke yake haitoshi kuizuia. Ekseli ikizunguka, itapanua mdomo wa uma, itakata waya, na gurudumu litachomoka. Kwa hiyo nilichukua kipande cha bamba la chuma nene. Nikakitoboa na kukipiga tupa mpaka kikaibana ekseli pale ilipo bapa. Mwisho wake mwingine nikaufunga kwenye mguu wa uma. Bamba hilo hushika ekseli kama spana. Kila siku ya gulio nalikagua.

Tano, nilifunga nyaya. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi na swichi, kisha huingia kwenye kontrola. Kontrola ni kijisanduku kinachogawa umeme kwa mota kadiri unavyozungusha eksileta mkononi. Fyuzi yangu ni ya ampea 20, nayo nimeifunga karibu kabisa na betri. Waya ukichunika ukagusana na mwingine, fyuzi ikatike kabla waya haujawaka.

Nilipomaliza nilining'iniza gurudumu la mbele, nikalizungusha kwa umeme likiwa hewani. Likazunguka. Wale waliocheka wakanyamaza.

HESABU YA BETRI

Betri niliiunga mwenyewe kwa seli ndogo za lithiamu. Seli moja ni ndefu kidogo kuliko betri ndogo ya tochi, na ina volti 3.6. Nilitumia seli 40. Nilizipanga katika makundi kumi ya seli nne nne, nikayaunga makundi hayo kwa kufuatana.

Tufanye hesabu pamoja.

Makundi 10 mara volti 3.6 ni volti 36.
Volti 36 mara ampea-saa 10 ni wati-saa 360.
Baiskeli yangu ikiwa na mzigo, nami nikiisaidia kwa pedeli, hutumia wati-saa 12 hivi kwa kilomita.
Wati-saa 360 gawanya kwa 12 ni kilomita 30.

Kwenda na kurudi gulioni ni kilomita 22. Betri inatosha na kubaki. Kuijaza hakufikishi hata nusu yuniti ya LUKU. Sasa linganisha na shilingi 6,000 za bodaboda kwa siku moja ya gulio.

Unaona, msomaji? Hesabu niliijua. Nilimaliza darasa la saba, na nilijisifu kwa hilo. Mke wangu hakwenda shule utotoni. Alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la kisomo kama hili lako. Husoma polepole, kwa sauti, akifuata mstari kwa kidole. Mimi nilikuwa namtania.

KOSA LANGU

Kuna kifaa kidogo ambacho betri ya lithiamu haipaswi kukosa. Ni saketi ya ulinzi. Huangalia kila kundi la seli. Umeme ukizidi, hukata. Umeme ukipungua mno, hukata pia. Niliiona dukani nikaiacha ili nibakize fedha. Nilijiambia, "Nitaangalia mwenyewe."

Kwa miezi minne mambo yalikwenda vizuri. Kisha chaja yangu ikanyeshewa, ikafa. Nikaenda mjini kununua nyingine. Muuzaji akaijaribu kwenye tundu la betri. Ikaingia. Akasema, "Hii inafaa, mzee." Nikalipa.

Jioni ile mke wangu aliishika chaja mpya akaigeuzageuza. Akaniuliza, "Baba watoto, umeyasoma maandishi haya ya nyuma?"

Nikamjibu, "Maandishi hayajazi betri."

Hakusema neno. Akaiweka chini, akaenda kupika.

Saa mbili usiku nikachomeka chaja. Betri ilikuwa sebuleni, karibu na mkeka wa mjukuu wetu. Alikuwa na miaka sita. Sisi tukaenda kulala.

Mke wangu ndiye aliyeamka. Alisikia harufu kali, kama ya plastiki na rangi. Alipofungua mlango wa sebule, moshi ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa kiuno. Aliinama, akamshika mtoto mkono, akamburuta nje. Mimi nikachukua jembe, nikanasa mshipi wa kisanduku cha betri, nikakivuta hadi uani. Usiniige katika hilo. Nilikuwa na bahati tu. Moshi wa betri hizo ni sumu, na seli huruka kama risasi. Toeni watu nje, mkae mbali.

Kule uani seli zililipuka moja baada ya nyingine, kama bisi kwenye chungu. Majirani walisimama wakatazama. Mjukuu wangu alikuwa akikohoa, ameshika kanga ya bibi yake. Tulimpeleka zahanati usiku ule ule. Alikohoa siku mbili, akapona. Mkono wangu wa kushoto una kovu mpaka leo.

Asubuhi mke wangu aliiokota ile chaja. Akakaa kizingitini. Akaweka kidole juu ya maandishi, akasoma kwa sauti, polepole, kama anavyosoma siku zote:

"Hamsini na nne, nukta, sita."

Kisha akanitazama. Akauliza, "Yako ilitakiwa ngapi?"

Nilishindwa kumjibu mara moja, ingawa jibu nilikuwa nalo. Seli moja ya namna ile ikijaa huwa na volti 4.2. Makundi kumi yakijaa ni volti 42. Chaja niliyonunua ilikuwa ya betri nyingine, ya makundi 13. Kila seli yangu ililazimishwa kuzidi volti 5. Ni kama kutia tairi la baiskeli upepo wa tairi la lori. Na ile saketi ambayo ingeweza kukata umeme, sikuinunua.

Msomaji mwenzangu, mimi nilijua kusoma, lakini sikusoma. Mtu asiyejua kusoma angemwomba mwingine amsomee, na nyumba ingepona. Mimi nilizuiwa na majivuno.

NILIVYOFANYA BAADAYE

Nilikaa miezi saba bila kuigusa baiskeli ile. Nilikuwa tayari kuiuza vipande vipande. Aliyenizuia ni mke wangu. Alisema, "Baiskeli haina kosa. Nyanya bado zinaoza." Akatoa fedha za kikundi chao cha kuweka na kukopa, kwa sharti moja: kila kitu chenye maandishi kitakachonunuliwa, asome yeye kwanza.

Betri mpya ina saketi ya ulinzi. Nimeiweka ndani ya sanduku la bati lililofungwa kwenye fremu kwa skrubu. Siijazi ndani ya nyumba. Naijaza mchana, kibandani, mbali na nyasi na mafuta, na mtu akiwa macho. Ikijaa, nachomoa. Seli iliyovimba, iliyobonyea au inayopata moto siitumii tena, wala siitupi jalalani ambako watoto huchezea.

Juu ya sanduku kuna maneno ya rangi nyekundu: CHAJA YA VOLTI 42 TU. Mke wangu ameyaandika kwa mkono wake. Herufi zimepinda kidogo, lakini zinasomeka kutoka mbali.

Sasa Jumanne na Jumamosi utaniona njiani, nimekaa wima, matenga mawili nyuma, nakwenda bila kelele. Natumia dakika arobaini hivi kufika gulioni. Kwenye mlima napiga pedeli kidogo, goti halilalamiki. Mjukuu wangu yuko darasa la tatu. Jioni bibi yake humsomesha, na mimi nasikiliza.

Nawe ukitaka kutengeneza baiskeli kama hii, njoo chini ya mwembe. Nitakuonyesha kila kitu bila malipo. Lakini kabla hujashika spana, nitakupa chaja mkononi. Nitakuomba unisomee yaliyoandikwa nyuma yake.

MASWALI

1. Kwa nini mwandishi alichagua fremu ya kike?
2. Bamba la chuma kwenye ekseli lina kazi gani?
3. Betri ina makundi 13 ya seli. Kila kundi likijaa lina volti 4.2. Betri nzima ikijaa ina volti ngapi?
4. Mwandishi alifanya makosa mangapi kabla ya moto kutokea? Yataje.
5. Zungumzeni darasani: Nyumbani kwako kuna kitu gani chenye maandishi ambayo hujawahi kuyasoma? Kilete siku ijayo, tukisome pamoja.