Si Kila Aliye Kwenye Foleni Ana Magendo



Ukitoka Bungoma kuja Malaba, siku nyingine foleni ya malori unakutana nayo kabla hujauona mpaka wenyewe. Dereva amekaa kwenye kivuli cha lori lake anachemsha chai, tanboi anafua fulana, mama anapita na mahindi ya kuchemsha. Mliokuwepo Mei 2020 mnakumbuka jinsi foleni ilivyokwenda makumi ya kilomita, madereva wakingoja majibu ya kipimo cha korona siku baada ya siku. Na sisi wa pembeni ya barabara hatukukosa maneno. Tulisema, "Hawa ndio wanatuletea ugonjwa."

Sasa nikuulize. Ukiona lori limesimama siku nne, utajuaje ni kwa nini? Huenda kweli lina magendo na watu wa forodha wamelishika. Huenda pia makaratasi yake ni safi kabisa, ila mtandao umeanguka, au lori la mbele limeharibika. Ukiwa barabarani, yote yanafanana. Magendo yanaweza kulisimamisha lori, lakini si kila lori lililosimama lina magendo.

Shika hilo, mpendwa. Leo nataka tuzungumze juu ya dhambi na mateso, na itabidi nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa kanisa letu alikuja kuniona baada ya ibada. Amenipa ruhusa nisimulie, jina lake tuliache. Mtoto wake wa miaka mitano alikuwa mtu wa kuugua kila mara. Macho yalikuwa ya manjano, na usiku alilia kwamba mifupa inamuuma. Mama huyo alikuwa ameshazika mtoto mwingine kabla ya huyo. Kwa wakwe zake wazee walisema ni chira, kwamba kuna mwiko umevunjwa. Alikuja kwangu akitumaini kusikia neno tofauti.

Nami nikampa neno lile lile la wazee, ila nimelivalisha suti. Nilimwambia, "Mama, kuna mlango uko wazi. Funga siku saba, tafuta dhambi iliyofichika, uitubu." Siku ya tano alirudi akaniambia jambo la ujana wake, alipokuwa akifanya kazi kwenye baa hapa mpakani, kabla hajaokoka. Nikasema, "Hiyo hapo. Tumeipata." Nikamshauri amweleze mumewe. Akamweleza. Wiki hiyo hiyo mume akatoka nyumbani.

Mtoto hakupona. Wiki tatu baadaye nilipigiwa simu usiku, nikapanda boda mpaka hospitalini. Nilikuta mtoto anaongezewa damu. Muuguzi alikuwa anamweleza mama taratibu kwamba ugonjwa huu ni selimundu, ule ambao wengi wetu tunauita siko seli. Kisha akauliza, "Baba yake yuko wapi? Ugonjwa huu mtoto huurithi kwa wote wawili, baba na mama."

Mama akaniangalia. Hakusema kitu. Nimehubiri miaka mingi, lakini sina mahubiri ya kujibu macho yale.

Baadaye nilitafuta kujua. Chembe nyekundu za damu ya mtoto huyu hujipinda kama mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu hutokea. Mzazi anaweza kubeba urithi huo nusu na asiugue hata siku moja. Wakikutana wazazi wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Na kwa nini uko mwingi kwetu huku, karibu na ziwa? Kwa sababu anayebeba nusu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kitu kilichowasaidia mababu zetu kuishi katikati ya mbu ndicho kinachomliza mtoto huyu usiku. Niambie, hapo utamnyoshea nani kidole?

Cha kuniaibisha zaidi ni kwamba Yohana 9 niliisoma chuo cha Biblia, nikaifanyia mtihani, nikapita. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakamuuliza Bwana nani ametenda dhambi, yeye au wazazi wake. Walimpa majibu mawili achague moja. Aliyakataa yote mawili. Katika Luka 13 anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, na anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Anajibu mwenyewe kwamba sivyo, kisha anawageukia wanaosikiliza na kuwaambia watubu wao. Umeona? Msiba wa jirani haukuwa nafasi ya kumchunguza jirani.

Najua mmoja wenu atasema, "Lakini Pasta, Daudi je? Mtoto wake hakufa kwa sababu ya dhambi ya baba?" Ndiyo, 2 Samweli 12 ipo na siifuti. Lakini angalia vizuri. Mungu alimtuma nabii Nathani, kwa Daudi mwenyewe, juu ya dhambi ambayo Daudi aliijua. Mimi sikutumwa. Mimi nilikisia. Na wewe unayeshika Kutoka 20 juu ya maovu ya baba kupatilizwa wana, soma pia Ezekieli 18 mpaka mwisho, uone Mungu anavyowakataza watu wake wasiendelee na ile methali ya baba kula zabibu chungu na meno ya watoto kutiwa ganzi.

Sasa usiende kusema Pasta amefundisha kwamba dhambi haina gharama. Wagalatia 6 bado iko pale pale: tunavuna tulichopanda. Baba anayeweka karo ya watoto kwenye kamari atavuna. Dereva mwenye nyumba ya siri kila kituo kati ya Mombasa na Kampala atavuna. Lakini tazama huyo dereva akirudi nyumbani na ugonjwa. Anayelia naye ni mke ambaye hakutoka hata siku moja. Mateso yake yametokana na dhambi, ndiyo, ila dhambi si yake. Na kuna mateso mengine ambayo hayana mwenyewe unayeweza kumtaja kwa jina. Warumi 8 inasema uumbaji wote unaugua hata sasa. Mto Nzoia ukivunja kingo kule Budalang'i, maji huingia kwa mlevi na kwa shemasi.

Turudi kwa yule mama. Nimeipima hadithi hiyo mara nyingi mbele za Mungu. Ugonjwa wa mtoto haukutoka kwa dhambi ya mama. Ile ya baani aliitubu siku alipookoka, na damu ya Yesu iliifuta. Mimi ndiye niliyeifukua. Lakini nyumba iliyovunjika, hayo ni mateso yaliyoletwa na dhambi, na dhambi hiyo ni yangu. Nilisema kwa jina la Bwana jambo ambalo Bwana hakunituma.

Kwa hiyo, mpendwa unayeteseka, nikuambie mambo mawili. Kama kuna dhambi unaijua, itubu leo. Roho Mtakatifu akikugusa huitaja kwa jina lake, na hukuonyesha njia ya kutoka. Zaburi ya 32 inaonyesha mtu aliyenyamaza na dhambi yake mpaka mifupa ikachakaa, na raha aliyoipata alipofungua kinywa. Lakini kama umejichunguza na hujaona kitu, acha kuchimba. Ile sauti inayokuambia tu kwamba wewe ni mbaya, bila kusema ni kwa nini, haitoki kwa Baba yako. Mpeleke mtoto kliniki, mpe dawa kama daktari alivyoagiza, anywe maji ya kutosha, alale chini ya neti. Kisha mlete tumwombee. Bado naweka mikono juu ya wagonjwa na bado naamini Mungu anaponya. Nilichoacha ni kuwadai wagonjwa maelezo.

Na wewe unayekwenda kumwona mgonjwa, jifunze kwa rafiki zake Ayubu. Walipofika walikaa naye chini siku saba mchana na usiku, bila kusema neno. Hilo ndilo jambo jema walilolifanya. Makosa yalianza walipofungua midomo kueleza sababu. Walimpa Ayubu siku saba za kukaa naye. Mimi nilimpa yule mama siku saba za kujitafuta makosa peke yake.

Nilimwendea nikaomba msamaha. Nilimfuata mume pia mahali alipohamia, nikamweleza yale muuguzi aliyosema, nikamwomba msamaha naye. Bado hajarudi nyumbani, lakini huja kliniki na mtoto. Mtoto yuko shuleni. Kuna miezi mizuri na kuna miezi ya hospitali.

Mwisho wa kitabu, Mungu anamkasirikia Elifazi na wenzake wawili, anawaagiza waende kwa Ayubu awaombee. Nilikuwa napita hapo haraka kila nikisoma. Mwaka jana, baada ya maombi ya Ijumaa, mama yule alinikuta nimekaa nyuma ya kanisa peke yangu. Akaniwekea mkono begani, akaniombea. Nililia kama mtoto.

Kama kuna mtu uliyewahi kumwambia kwamba anateseka kwa sababu ya dhambi zake, na Bwana hakukutuma, mpigie simu leo. Usimtumie ujumbe. Mpigie.

Baba, tusamehe sisi tuliosema kwa jina lako yale ambayo hukusema. Waguse walio kwenye foleni usiku huu, na utufundishe kukaa nao mpaka njia ifunguke. Kwa jina la Yesu, Amina.