Rangi Haisimamishi Gari

Najua nimekuwa kimya mno, mnisamehe. BTP ilinichosha, halafu nikaenda zangu nyumbani Tanga kumalizia likizo. Sasa nimerudi chuo, boom bado, chai ni ya rangi kama kawa. Basi leo nawapa kisa cha likizo. Kinahusu breki za gari la Mzee, na sehemu moja ya kisa hiki inanitia aibu mpaka leo.

Iko hivi. Mzee ana Corolla 110, ya siku nyingi. Tanga tunapakana na bahari, na chumvi ya upepo ule inakula chuma kama mchwa anavyokula mlango. Kalipa za mbele zilikuwa zimeota kutu mpaka zinamenyeka. Na Mzee alishamuahidi Bibi kwamba Jumamosi atampeleka Lushoto kumwona dada yake anayeumwa. Mnaoijua ile barabara ya Mombo kwenda Lushoto mnanielewa. Ni kama kilomita 33 za kona, mlima upande mmoja, korongo upande wa pili. Kupanda ni kazi ya injini, kushuka ni kazi ya breki.

Mzee alinunua seti mpya ya raba za kalipa ili fundi azibadilishe. Mimi nikaona mwanya. Nikamwambia, "Mzee, kwa kuwa zinafunguliwa zote, niachie nizipake rangi ya unga. Kutu itakuwa historia." Mzee ni mwalimu mstaafu, hana maneno mengi. Akanitazama juu ya miwani akasema, "Rangi haisimamishi gari, mwanangu. Lakini haya, jaribu."

Rangi ya unga ndiyo ile inayopakwa kwenye madirisha ya aluminiamu. Haina maji wala tina, ni unga mkavu kama ngano. Unapulizwa na bunduki ya umeme inayoupa chaji, na kile chuma kinaunganishwa na waya wa ethi, kwa hiyo unga unakivamia na kukishika kila upande. Kisha unakiweka kwenye oveni. Unga unayeyuka, unatambaa, halafu unakomaa na kuwa ganda gumu. Kwa unga niliopata mimi ni nyuzi joto 200 kwa dakika 10, lakini zinahesabiwa tangu chuma chenyewe kifike joto hilo, siyo oveni. Kalipa ni pande la chuma, inachukua muda mrefu kupata moto. Shemeji yangu anafanya kazi kwenye karakana ya aluminiamu, akaniazimia bunduki na unga mwekundu uliobaki. Kompresa nikaazima kwa jirani fundi pancha.

Ikabaki oveni. Hapo ndipo penyewe.

Mama ana jiko la zamani la umeme lenye oveni, liko kwenye banda la uani. Ndilo alilokuwa akiokea keki za sendofu na kipaimara. Ada yangu ya form five ilitoka humo. Sasa ana jiko jingine, lakini lile la zamani hajawahi kuliuza wala kumpa mtu. Nikamwomba. Akauliza swali moja tu, "Nikitaka kuokea tena, itawezekana?" Nikamwambia ukweli, hapana Mama, oveni ikishaoka rangi haiokei tena chakula, mvuke wake unabaki humo ndani. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Chukua. Kama ni kwa ajili ya breki za baba yako, chukua." Nikaandika mlangoni kwa maandishi makubwa SI YA CHAKULA, na mkono ukawa mzito kidogo, siwafichi.

Kazi ikaanza. Nilizifungua kalipa mpaka mwisho: pistoni, sili, raba za vumbi, pini na nati ya kutolea upepo, vyote nje. Raba hazivumilii joto lile. Lile vumbi jeusi la pedi sikulipuliza kwa kompresa, maana pedi nyingine zina asbesto, na hiyo si ya kuvuta kifuani. Nililiosha kwa maji na sabuni. Halafu brashi ya waya, msasa, tina, mpaka chuma kikawa cheupe. Unga nikaupuliza nje uani, nimefunga pua na mdomo, mbali na moto, kwa sababu ule unga ukijaa hewani unaweza kulipuka kwa cheche moja.

Kalipa ya kwanza ilitoka kwenye oveni ina mapele kama mtoto mwenye tetekuwanga! Kumbe chuma cha kusubu kina vitundu vidogo vinavyonywa mafuta miaka yote, na yakipata moto yanatoka kwa chini na kuinua rangi. Dawa yake ni kukioka kwanza kikiwa kitupu, mafuta yatoke, kipoe, ndiyo upake. Nikakwangua, nikaanza upya. Ya pili nayo, umeme ukakatika katikati ya kuoka. Nikasubiri mpaka saa mbili usiku, uliporudi nikaoka upya. Units za LUKU zilivyokuwa zinakimbia, Mama alikuwa anazisoma kwa sauti kama mtangazaji wa mpira.

Lakini mwisho wake... jamani, zilitoka nyekundu zinang'aa! Nikapiga picha, nikawatumia washkaji wa block yetu. Fundi wa gereji akaja akafunga raba mpya, akarudishia kila kitu, tukatoa upepo kwa kuanzia tairi la mbali na pampu. Ijumaa jioni Mzee akanipa ufunguo nikalijaribu hadi Pongwe na kurudi.

Breki zilishika vizuri. Ila niliporudi nilisikia harufu. Nikaweka kiganja karibu na tairi la kushoto, vuguvugu. La kulia, moto! Nikapiga jeki, nikazungusha tairi kwa mkono. Zito.

Nilijua hapo hapo. Sehemu zisizotakiwa kupata rangi nilikuwa nazifunika: tundu la pistoni, nyuzi za bolti, zile njia ambamo pedi zinateleza, na pale ambapo bano la kalipa linakaa chuma kwa chuma. Ile tepu inayohimili joto iliniishia kwenye bano la mwisho. Ilikuwa usiku, nimechoka baada ya umeme kukatika, nikajisemea "hapa hamna shida" nikapuliza hivyo hivyo. Ganda la rangi ya unga ni nene, kama sehemu ya kumi ya milimita. Sehemu ya kumi tu! Lakini pedi inateleza kwenye nafasi ndogo sana. Ikibanwa hairudi, inaendelea kusugua diski, joto linapanda, linafika kwenye oili ya breki. Oili ya DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya unyevu inaweza kuchemka kwenye 140. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga pedeli, inazama. Sasa jiulize kwenye zile kona za kushuka Soni kwenda Mombo, Bibi amekaa kiti cha mbele.

Na pale bano linapofungwa bolti ni hatari nyingine. Rangi ikiwa katikati ya chuma na chuma, inasagika taratibu na bolti inalegea.

Wadau, nataka niseme wazi mawazo yaliyonipitia. La kwanza halikuwa "nimwambie Mzee". La kwanza lilikuwa: nikiamka saa tisa usiku nikakwangua kwa tochi, nani atajua? Bibi ameshafunga mzigo. Picha nimeshazituma. Na Mzee alishasema rangi haisimamishi gari, sasa ndiyo nimpe ushindi?

Nilikumbuka BTP. Mnaosoma ualimu mnalijua lile andalio la somo, pale chini kuna kipengele cha tathmini. Wangapi tuliijaza usiku, kabla hata ya kuingia darasani? "Somo limeeleweka vizuri." Mimi nilijaza hivyo, tena zaidi ya mara moja. Mtoto ambaye hakuelewa alienda nyumbani bila kuelewa, na karatasi inasema ameelewa. Usiku ule niliona naenda kufanya kitu kile kile, ila mtoto wa safari hii ni bibi yangu.

Nikamgongea Mzee. Nikamweleza yote, hata lile la tepu. Nilitegemea anifokee. Akavaa kandambili, akashika tochi, akasema, "Twende." Tulichukua tindo, tupa na msasa, tukang'oa rangi zile sehemu zote mpaka chuma kitupu, kulia na kushoto, mpaka pedi zikateleza kwa kidole. Hatukurudishia usiku ule. Asubuhi tukamwita fundi akague, afunge, atoe upepo upya. Safari ikasogea Jumapili na Bibi akanuna siku nzima, akisema wajukuu wa siku hizi wanapaka gari wanja badala ya kulitengeneza. Hehehe, sikuwa na la kujibu.

Jumapili tukaenda, tukamwona mgonjwa, tukarudi. Kushuka, Mzee alitumia gia ndogo na breki kidogo kidogo. Tulipofika Mombo akasimamisha gari pembeni, akaniambia, "Shuka, pima." Nikaweka kiganja karibu na tairi la kulia, kisha la kushoto. Joto sawa kwa sawa. Nikamwambia, "Ziko sawa, Mzee." Akauliza, "Umepima yote mawili?" Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, tukaondoka.

Hakusema kitu kingine mpaka Tanga. Ila jana amenipigia simu, kuna jirani ameziona kalipa na anataka kujua nitarudi lini. Nimemwambia Mzee amwambie jirani anunue tepu ya kutosha kwanza.

Haya wadau, naenda kupanga foleni ya maji. Na wewe unayejaza tathmini kabla ya somo, nakuona! Tuko pamoja, siku njema.