Kutembea Kandokando ya Ziwa, Gisenyi

Wengi wetu tunavuka barieri ndogo na mzigo kichwani, tunauza, tunarudi mbio. Ziwa tunaliona kwa mbali tu. Jumamosi hii tulivuka wamama watano na watoto tisa, mikono mitupu. Kijana mmoja pale mpakani alituuliza tunapeleka nini. Mama mmoja akajibu: "Tunapeleka miguu."

Tuliteremka mjini mpaka ziwani. Pale Gisenyi ukingo uko wazi: mchanga, majani, miti mikubwa ya kivuli, na njia ya kutembelea. Hakuna anayekuuliza kiingilio. Familia zinakaa chini na chakula chao, wazee wanatembea polepole. Kwetu Goma sehemu kubwa ya ukingo imefungwa na kuta za nyumba na hoteli. Mtoto wa Majengo au wa Katoyi ziwa analijua kwa bidoni ya maji tu. Jambo hilo lilituumiza roho, tuseme kweli.

Kutoka pale unaona ghuba yote, na upande wa kuume mji wetu wenyewe. Watoto walibishana ni paa gani la nani! Nyuma, Nyiragongo, mita 3,470, imefunikwa na mawingu. Jioni wavuvi walitoka na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu mbele na nyuma, wakiimba. Wanafuata sambaza. Wachache wanajua kwamba samaki huyo si mwenyeji: aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Watoto waliomba kuoga. Tuliwaruhusu, lakini maji yasipite magoti, na mama wawili wakasimama ndani ya maji. Watu husema Kivu haina mamba, basi ni salama. Lakini ziwa hili lina kina kinachokaribia mita 480, na mahali pengi hatua chache tu zinatosha kupoteza chini.

Tena kuna mazuku. Tuliwaeleza watoto pale pale, maana huko kwetu, magharibi ya Goma kuelekea Sake, inaua. Ni hewa nzito isiyo na rangi wala harufu, inatoka ardhini na kulala kwenye mashimo na mabonde, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupumua vizuri, na mtoto aliye karibu na chini akaanguka. Ukiona mbuzi au ndege amekufa ndani ya shimo, usishuke kumtazama. Na mwenzako akianguka humo, usimfuate peke yako: piga kelele, ita watu wazima.

Tulirudi kabla barieri haijafungwa. Wanaotaka kwenda safari ijayo wape majina kwa mama karani mapema, na kila mmoja aandae karatasi zake za kuvukia na za watoto. Chakula tunapika nyumbani; pale pembeni ya ziwa kinauzwa bei kali.