Sikugonga

Mwaka 2021, mvua za kupanda zilipokaribia, nilinunua gari la kuonwa na watu. Fedha zilikuwa za mahindi ya misimu miwili ya shamba letu hapa Kiminini, karibu na Kitale, pamoja na za maziwa ambayo mke wangu huamka saa kumi na moja alfajiri kukamua. Yeye alitaka Probox. Tunabeba mbegu, mbolea na mitungi ya maziwa, na kila mwisho wa mwezi tunakwenda kumwona mama yangu mzazi, juu ya Chwele, Bungoma, ambako kilomita za mwisho ni udongo na mawe ya Mlima Elgon. "Baba watoto," aliniambia, "gari letu ni lile litakalofika kwa Mama."

Nilijua anasema kweli. Probox ilitolewa na Toyota mwaka 2002 kwa ajili ya kazi za makampuni ya Japani. Watu wawili wakiwa ndani, imeidhinishwa kubeba kilo 400, yaani magunia manne ya mahindi ya kilo 90 na nafasi kidogo ya mbegu. Ukilaza viti vya nyuma unapata sakafu ya kupangia mzigo, na makanika yeyote wa huku anaijua. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka 8, kwa hiyo hata ile ambayo mke wangu aliipendekeza isingekuwa mkweche, na chenji ingebaki ya kuongezea ng'ombe. Mimi nikachukua gari jeusi, la chini, lenye rimu za inchi 18 na tairi za ubavu mwembamba. Nilitaka nikipita stendi ya Kitale watu wageuke.

Jirani yetu alikuwa na Probox. Aliyeugua usiku alipelekwa nayo, na jeneza pia lilibebwa humo. Siku moja matangani, watu wakisifu gari langu jipya, nilisema lake ni la kubebea kuku wa soko la Chwele. Watu walicheka. Yeye alitazama kikombe chake cha chai, hakujibu.

Mwezi wa Mei, saa saba usiku, ndugu yangu alipiga simu: Mama hapumui vizuri. Mvua ilikuwa imenyesha tangu magharibi. Mke wangu alisema hapo hapo, "Hilo letu halifiki. Nenda ukagonge kwa jirani."

Nilikwenda. Nilisimama langoni pake, mvua ikinipiga, mbwa akibweka. Nilikumbuka yale maneno yangu ya matangani na mkono ukakataa kuinuka. Nikarudi nikamwambia mke wangu, "Nimegonga, hakuamka."

Lami ilinichukua vizuri hadi Kamukuywa, nikakata kulia kwenda Kimilili, nikapita Chwele. Kwenye murram nilisikia jiwe likikwangua tumbo la gari. Nikaendelea, kwa sababu Mama alikuwa mbele. Jiwe la pili lilipasua sampu, oili ikamwagika yote, injini ikalia kisha ikanyamaza. Nilikuwa nimebakiza kilomita nne. Nilitembea, viatu mkononi.

Mama aliteremshwa kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na ndugu yangu, amefunikwa karatasi ya nailoni ya kuanikia mahindi. Hadi leo nikiona karatasi ile uani nageuza uso. Walipata gari barabarani kulipokuwa kukipambazuka, wakamfikisha hospitali mjini Bungoma. Alipona, namshukuru Mungu. Hakuwahi kuniuliza gari langu lilikuwa wapi.

Injini ilikuwa imekufa. Niliuza gari kwa bei ya kutupa, nikadunduliza miaka miwili, na sasa tuna Probox nyeupe yenye harufu ya maziwa. Hilo la gari lilirekebishika. Ila mke wangu aliamini jirani alisikia akanyamaza. Aliacha kupeleka maziwa pamoja na mke wa jirani, watoto wakaacha kuvuka ua, na mtaani ikasemwa kwamba mtu yule ana roho ngumu. Nami nililisikia likisemwa, mbele yangu, nikala chakula changu.

Januari hii nilimweleza mke wangu yote. Alilia, kisha akasema niende mwenyewe, yeye hatanisindikiza. Safari hii niligonga. Jirani alinisikiliza hadi mwisho.

"Mbwa alibweka," alisema, "nikachungulia dirishani nikakuona langoni. Nikajua kuna mgonjwa. Nilipopata ufunguo na koti nikatoka, ulikuwa umeshaondoka. Niliwasha gari nikakufuata mpaka barabara kuu, sikujua umeelekea wapi."